Debian 13 kwa darasa la watu wazima: netinst au live, GNOME au Xfce?

mwalimu_rehema

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijaanza kazi ambayo nikiianza vibaya nitairudia kwenye kila mashine.

Nafundisha watu wazima kutumia kompyuta: kuandika barua, kutunza hesabu, kutafuta habari mtandaoni, kutumiana mafaili. Tumepata laptopu kumi na mbili zilizokwisha tumika, zote za biti 64. Tatu zina RAM ya GB 8, zilizobaki GB 4, na diski zote zimebadilishwa kuwa SSD. Nimeamua kuweka Debian 13, mfumo endeshi huru wa Linux, kwa sababu sitaki mfumo unaobadilika sura kila baada ya miezi michache wakati watu bado wanajifunza kitufe kiko wapi. Hapo nimeshaamua.

Ninapokwama ni hatua mbili za mwanzo. Kuna netinst, ile ISO ndogo (faili la kusakinishia unalolichoma kwenye flashi) inayovuta vifurushi vya programu kutoka mtandaoni, na kuna ISO za live, kila moja na eneokazi lake (mpangilio wa madirisha na menyu unaouona kwenye skrini), ambazo unaziwasha kwenye flashi, unaziangalia, halafu ndiyo unasakinisha. Nichukue ipi? La pili ni eneokazi lenyewe. Nikiacha kila kitu kama kilivyo nitapata GNOME. Wenzangu wanaojua kompyuta wananiambia "weka Xfce, usiulize tena", ila sababu wanayonipa ni moja tu, kwamba ni nyepesi.

Wengi wa wanafunzi wamegusa Windows kidogo, wengine hawajatumia kitu zaidi ya simu. Mmoja haoni. Simu yake inamsomea skrini na anaimudu kuliko wengi wetu. Wi-Fi tunayo ila haina kasi.

Niambieni nifanye nini, na zaidi ya hapo niambieni kwa nini.

jabali

Mwalimu, chukua live ya Xfce. Unachoma flashi mbili au tatu, unawasha mashine nazo, unafungua Calamares, kisakinishi cha live, unajibu maswali machache (lugha, saa za eneo, diski, jina na nywila) na mfumo unanakiliwa kutoka kwenye flashi hadi kwenye SSD. Hupakui chochote. Netinst kwa mashine kumi na mbili kwenye Wi-Fi ya kusuasua itakumaliza, maana kila moja itavuta vifurushi vilevile upya.

Faida nyingine ya live ni kwamba unaipima mashine kabla ya kuigusa. Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kipanya cha kugusa kinafanya kazi? Unayajua yote hayo kabla hujafuta hata faili moja.

Kuhusu eneokazi, Xfce ina paneli, ina menyu, na kila dirisha lina vitufe vitatu. Aliyewahi kuiona Windows hapotei. GNOME inakuja na kitufe kimoja tu cha kufunga, hakuna orodha ya madirisha chini, na mtu anaanza kuuliza dirisha lake limekwenda wapi. Halafu GB 4 si nyingi.

makame_d

Mwalimu, habari za kazi. Kaka Jabali kakupa njia ya haraka, na aliyoyasema ni kweli. Lakini mimi nakushauri tofauti katika yote mawili: netinst, na GNOME. Sababu yangu iko kwenye sentensi uliyoipita upesi kuliko zote: mmoja haoni.

Kwanza nikuonyeshe kwamba maswali yako mawili ni swali moja. ISO ya live imekwisha kukuamulia. Calamares inanakili kilichomo kwenye flashi na si kingine: ukichoma ya Xfce utapata Xfce, ukichoma ya KDE utapata KDE, pamoja na kila kilichofungashwa humo. Netinst haijabeba eneokazi lolote. Inajenga mfumo wa msingi, halafu inasimama kwenye orodha ya tasksel (hatua ya kuchagua programu) na kukuuliza: GNOME, Xfce, KDE Plasma, Cinnamon, MATE, LXDE, LXQt, au lisiwekwe lolote. Ukibonyeza Enter pale bila kugusa kitu, unapata GNOME. Tunachojadili hapa ni hiyo Enter, kwa sababu watu wengi sana hawatakuja kubadilisha walichokikuta. Anayejua kubadilisha hana shida popote utakapomweka. Chaguo la awali tunamwekea yule asiyejua kwamba kuna la kuchagua, au anayejua lakini hawezi kulifikia.

Debian wenyewe wamevutana juu ya jambo hili. Mwaka 2012 Xfce iliwekwa kuwa chaguo la awali kwa muda, hoja kubwa ikiwa nafasi kwenye CD ya kwanza, kisha ikaondolewa. Mwishoni mwa 2013 ikarudishwa. Septemba 2014, Debian 8 ikiwa bado inaandaliwa, GNOME ikarejeshwa, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ilikuwa hii hii ninayoizungumzia, kwamba mtu mwenye ulemavu aweze kuutumia mfumo kama alivyoukuta. Watu wanakumbuka zaidi ugomvi wa GNOME 3 ulioanza mwaka 2011, uliozaa MATE na Cinnamon. Mimi nakumbuka huo uamuzi wa 2014, kwa sababu ulimtazama mtu ambaye huwa hayupo watu wanapobishana kuhusu paneli na vitufe.

Sasa tuone ina maana gani kwa mwanafunzi wako. Washa laptopu kwa flashi ya netinst. Menyu ya kwanza ikiwa tayari, mashine inatoa mlio. Abonyeze herufi s, halafu Enter. Kuanzia hapo kisakinishi kinaongea. Kinasoma swali, kinasoma majibu yakiwa na namba, na yeye anaandika namba na kubonyeza Enter. Chagua diski: namba. Chagua eneokazi: namba, na kama anataka vitu viwili anaziandika zote mbili na kuacha nafasi katikati. Anaweza kusakinisha Debian mwanzo hadi mwisho bila mtu kumkalia pembeni. Nakuomba umpe nafasi hiyo kwenye mashine mojawapo. Mfumo ukiisha kusakinishwa kwa njia hiyo, vifaa vya kusoma skrini vinawekwa humo moja kwa moja.

Kwenye GNOME, Alt, Super (kitufe chenye nembo ya Windows) na S kwa pamoja zinaiwasha Orca, programu ya kusoma skrini, na kubonyeza tena kunaizima. Zinafanya kazi hata kwenye skrini ya kuingilia, kabla hajaandika nywila. Orca inafanya kazi kwenye Xfce pia, sisemi haifanyi. MATE nayo inaimudu vizuri. Ila kwenye Xfce lazima mtu aende kwenye mipangilio akawashe teknolojia saidizi, na skrini ya kuingilia inataka kazi ya ziada. Mtu huyo ni nani? Ni mwenye macho. Hapo ndipo ninapokataa.

Kuhusu wenye simu tu: kwao GNOME si ngeni. Bonyeza Super, andika herufi za kwanza za jina la programu, Enter. Wanafanya hivyo kila siku kwenye simu zao.

Jambo dogo ambalo linasumbua wengi kwenye netinst: kisakinishi kikiuliza nywila ya root (msimamizi mkuu), iache tupu na uendelee. Ukiiacha tupu, mtumiaji wa kwanza anapewa sudo (ruhusa ya kuendesha amri za msimamizi) moja kwa moja. Ukiijaza, hapewi, na kesho utashangaa kwa nini anakataliwa kila amri ya msimamizi.

jabali

Makame, hoja ya asiyeona nimeipokea. Sikuipa uzito uliostahili kwenye jibu langu. Lakini basi mwekee GNOME yeye, na wengine kumi na mmoja waende na Xfce. Kwa nini darasa zima libebe GNOME kwenye GB 4?

Kumbuka pia kwamba Debian 13 imebadilisha kitu: /tmp, folda ya mafaili ya muda, sasa iko kwenye RAM, na inaruhusiwa kufika nusu ya RAM yote. Faili kubwa ikifunguliwa huko kwenye mashine ya GB 4, mtu atauona uzito na asijue unatoka wapi.

Na netinst bado ina udhaifu wa Wi-Fi. Mtandao wa nywila ya kawaida unapita, lakini ule unaotaka jina la mtumiaji na nywila, au unaofungua ukurasa wa kivinjari kwanza, kisakinishi hakiwezi kuingia.

makame_d

Hilo la /tmp ni kweli na ni vizuri umelitaja. Kwenye mashine za GB 4 mwalimu anaweza kuirudisha kwenye diski kwa `systemctl mask tmp.mount` na kuwasha upya.

Kuhusu uzito: GNOME inakula RAM zaidi ya Xfce, sibishi. Lakini wanafunzi hawa watakaa ndani ya kivinjari na LibreOffice, na kivinjari chenye kurasa kadhaa wazi hula kuliko tofauti iliyopo kati ya hayo maeneokazi mawili. SSD zimeshawekwa. Kama zingekuwa na GB 2 ningekuwa upande wako bila kusita.

La kumtengea mashine yake ndilo ninaloliona zito zaidi, kaka. Fikiria somo lenyewe. Mwalimu anasema: "Bonyeza Super, andika jina la programu." Mmoja mashine yake ni tofauti, kwa hiyo kila maelekezo yanatolewa mara mbili, na baada ya muda yanatolewa mara moja tu, kwa wale walio wengi. Laptopu yake ikiharibika anakaa nje ya somo hadi itengenezwe, ingawa ziko nyingine kumi na moja mezani. Zikifanana zote, anakaa popote: anabonyeza vitufe vitatu na mashine inamsomea. Akimaliza anabonyeza tena, na anayekaa baada yake hajui hata kama ilikuwa inaongea. Mwenzake naye akikwama, yeye anaweza kumwelekeza, maana njia ni ile ile.

Wi-Fi yenye ukurasa wa kuingilia, hapo hakuna ubishi, netinst itakwama. Waya au simu iliyounganishwa kwa USB kwa kawaida humaliza tatizo. Draiva za Wi-Fi zenyewe hazisumbui kama zamani. Tangu Debian 12, ya 2023, famwea zisizo huru (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kadi ya Wi-Fi) zimo ndani ya ISO rasmi, baada ya wanachama kupiga kura mwaka 2022. Kabla ya hapo ulihitaji ISO nyingine kabisa.

nuru_s

Naongeza upande wa mashine nyingi, kwa sababu Jabali ana haki kuhusu kasi ya mtandao.

Mwalimu, chagua laptopu moja kati ya zile za GB 8, sakinisha Debian, halafu weka apt-cacher-ng, programu inayohifadhi vifurushi vilivyokwisha pakuliwa. Inasikiliza kwenye mlango 3142. Mashine nyingine zote zinaposakinishwa, kisakinishi kikiuliza kuhusu proksi, andika anwani ya laptopu hiyo, kwa mfano `http://192.168.1.10:3142/`. Mashine ya kwanza itavuta vifurushi kutoka nje, na zinazofuata zitavipata kwa jirani. Itakusaidia hata baadaye kwenye masasisho.

Ukitaka kupunguza maswali, andika faili la preseed. Ni faili la maandishi lenye majibu ya kisakinishi. Mistari mnayobishania ninyi ni hii:

```
d-i passwd/root-login boolean false
tasksel tasksel/first multiselect standard, gnome-desktop
d-i mirror/http/proxy string http://192.168.1.10:3142/
```

Badilisha gnome-desktop kuwa xfce-desktop na ugomvi wenu umeisha.

Tahadhari moja kubwa: usiweke kugawa diski kuwe kwa kujiendesha bila kuangalia. Mashine moja itaita SSD yake /dev/sda, nyingine /dev/nvme0n1, na kuna wakati /dev/sda ni flashi yenyewe uliyowashia. Hatua hiyo acha iulize. Ni sekunde chache kwa mashine, na humaliza wasiwasi.

Kuna watakaokushauri usakinishe moja na kuinakili kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima. Inafanya kazi, lakini mashine zote zitakuwa na /etc/machine-id (kitambulisho cha mashine) moja na funguo za SSH (za kuunganisha mashine kwa mbali) zilezile, na hilo linaweza kufanya hata ruta izichanganye wakati wa kugawa anwani. Ukienda njia hiyo, kwenye mashine ya asili toa kilichomo ndani ya machine-id (faili lenyewe libaki, likiwa tupu) kabla ya kunakili, na funguo za SSH zitengenezwe upya kila mahali.

mwalimu_rehema

Ndugu zangu, asanteni. Nimesoma yote, nikachukua laptopu moja ya GB 4 na kukaa na mwanafunzi wangu. Yeye ndiye aliyesakinisha.

Mlio tuliusikia wote wawili. Akabonyeza s, Enter, na baada ya kimya kidogo mashine ikaanza kusema. Sauti si kama ya simu yake, ni kavu na ya haraka, lakini alipomaliza swali la pili hakuniomba tena nirudie. Tulitumia Kiingereza. Kwenye kugawa diski aliniuliza swali ambalo mimi mwenyewe huwa silisomi: "Inasema hapa itaandika mabadiliko, ndiyo au hapana, na chaguo la awali ni hapana. Kwa nini?" Nikamweleza kwamba mpaka hapo hakijafutwa kitu. Akasema basi hiyo ni hatua ya kusikiliza mara mbili. Akairudia, ndipo akajibu ndiyo.

Tulipofika kwenye orodha ya tasksel nilimweleza mjadala wenu. Tuliwasha GNOME, na jioni nikamwekea Xfce juu yake ili ajaribu zote mbili kwa haki. Kwenye GNOME aliingia, akaandika nywila, akafungua LibreOffice na kuandika aya nzima. Kwenye Xfce alifika ndani kwa msaada wangu, nikamwashia teknolojia saidizi, kisha naye akaandika. Alichosema ni kifupi: "Zote naziweza nikishafika. Hii ya pili sifiki peke yangu."

Kwa hiyo ni GNOME kwa mashine zote, netinst, na laptopu ya akiba ya vifurushi kama Nuru alivyosema. Jabali, uzani nimeupima pia: nikiwa na kivinjari na LibreOffice wazi, ile ya GB 4 haikukwama. /tmp nimeirudisha kwenye diski.

Nimebaki na mambo matatu. Moja, wale waliozoea Windows kweli wanatafuta vitufe vya kupunguza na kukuza dirisha. Naweza kuviweka kwa wote bila kupita mashine moja moja nikibofya? Mbili, mwanafunzi wangu anauliza kama Orca inaweza kumsomea Kiswahili, maana ikisoma barua yake kwa sauti ya Kiingereza haieleweki. Tatu, hii laptopu ya majaribio sasa ina programu mbili mbili za kila kitu.

jabali

Nimekubali, mwalimu. "Sifiki peke yangu" imetosha.

La tatu nalijibu mimi. Ukiweka eneokazi la pili unapata kidhibiti cha mafaili cha pili, kitazama picha cha pili, na wakati mwingine skrini ya kuingilia ya pili (LightDM ya Xfce dhidi ya GDM ya GNOME). Kuzichambua moja moja kunachosha. Kwa kuwa hiyo ni ya majaribio na haina kazi za mtu, isakinishe upya. Na ukiwa unaisakinisha, nakuomba uwashe kwanza live yoyote kwenye kila laptopu iliyobaki, upime Wi-Fi na sauti. Sauti hasa. Mashine ambayo spika yake haisikiki ni heri uijue mapema, kwa sababu zitakazompokea yeye ni zote.

makame_d

Jabali kasema kweli kuhusu spika, na uzipime na vipokea sauti vya masikioni pia, darasani atavihitaji.

Kiswahili: ndiyo. eSpeak NG, inayotoa ile sauti kavu, ina Kiswahili ndani yake. Fungua mapendeleo ya Orca (Insert na Space, Orca ikiwa inaendesha), nenda kwenye sehemu ya sauti, chagua eSpeak NG kisha Kiswahili. Sauti itabaki kavu, lakini maneno yatatamkwa kwa kanuni za Kiswahili, na barua yake itaeleweka. Mwonyeshe pia mahali pa kupunguza kasi, pako kwenye ukurasa huohuo.

Vitufe vya madirisha: usipite ukibofya, tumia dconf, ghala la mipangilio ya GNOME. Kwenye kila mashine tengeneza faili /etc/dconf/profile/user lenye mistari miwili:

```
user-db:user
system-db:local
```

Kisha /etc/dconf/db/local.d/00-darasa:

```
[org/gnome/desktop/wm/preferences]
button-layout='appmenu:minimize,maximize,close'
```

Halafu `sudo dconf update`. Amri ikikosekana, sakinisha dconf-cli kwanza. Mtumiaji akitoka na kuingia tena atavikuta vitufe vitatu. Kwa kuwa hujaifunga, anayependa kimoja atabadilisha kwake bila kumgusa mwingine. Mafaili yote mawili unaweza kuyapeleka kwa late_command (amri inayoendeshwa mwishoni mwa usakinishaji) ndani ya preseed ya Nuru, yakaingia wakati uleule wa kusakinisha.

Na huyo mwanafunzi wako, kama ana nafasi, mwombe asakinishe na zile zilizobaki pamoja nawe. Kwa maelezo yako, anasikiliza ile hatua ya diski kwa makini kuliko sisi tunavyoisoma.